Kabla hujakatwa kinyama cha ngozi

Daktari akisema "tukate kinyama tukapime", wengi wanaanza kujizika siku hiyo hiyo. Tulia kwanza. Biopsi ya ngozi, yaani huko kukata kinyama na kukipima, haifanywi kwa saratani tu. Hata vipele na mabaka yaliyogoma kueleweka kwa macho hupimwa hivyo. Kinyama chenyewe mara nyingi kina upana wa milimita 3 au 4, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kinachouma ni sindano ya ganzi. Inachoma kwelikweli kwa sekunde kadhaa, halafu unabaki kusikia kuvutwavutwa. Ukisikia maumivu makali, sema uongezewe ganzi. Hakuna anayekupa medali kwa kuvumilia.

Kabla hujalala kitandani taja dawa zako zote, hasa za kuzuia damu kuganda, na aspirini ni mojawapo. Usiziache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye aamue. Taja mzio, ujauzito, betri ya moyo kama unayo, na kama vidonda vyako hupona kwa kuvimba makovu. Ile krimu unayoificha nayo itaje, maana ikiwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, hubadilisha kinachoonekana kwenye darubini. Usipake losheni sehemu ya kukatwa. Vaa nguo inayofunguka kirahisi.

Sasa picha. Hili usilichukulie kimzaha.

Mimi nilikuwa na madoa mawili mgongoni, chini ya bega la kulia, yameachana vidole vitatu hivi. Yote mawili yalikatwa siku moja, dakika ishirini nikawa nje. Majibu yakaja: doa namba 1 halina neno, namba 2 lirudiwe, likatwe kwa upana zaidi. Nikazembea, nikarudi baada ya karibu miezi miwili. Daktari, tena si yule wa kwanza, akavuta taa, akainama, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Namba 2 ni lipi?" Mgongo wangu mwenyewe, nitaujuaje? Faili lilisema "mgongo, kulia". Chupa ziliandikwa 1 na 2 vizuri kabisa, ila hakuna aliyeandika namba 1 ni la juu au la chini. Vidonda vilikuwa vimepona vizuri mno, vimebaki vialama viwili vinavyofanana kama mapacha. Ikabidi yakatwe yote mawili. Leo nina makovu mawili marefu, na moja halikuwa na sababu.

Kwa hiyo mwombe daktari azungushie kila doa kalamu, aandike namba pembeni, halafu mahali hapo papigwe picha kwa simu yako kabla ya kisu. Moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha bega au kitovu ili mahali pajulikane. Ukiona aibu, kumbuka mgongo wangu.

Mengine ni mepesi. Damu ikitoka ukiwa nyumbani, bana kwa kitambaa safi dakika 15 bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, rudi ulikotibiwa. Siku ya kwanza usiloweshe bandeji. Baadaye osha taratibu kwa maji na sabuni, paka mafuta ya mgando, funika. Habari ya "kiache kikauke kwa upepo" ni ya zamani. Kidonda chenye unyevu hupona vizuri zaidi. Nyuzi za usoni hutolewa kama baada ya siku 5 hadi 7, za mgongoni na miguuni siku 10 hadi 14, na muda wote huo usinyanyue vitu vizito.

Uliza kabisa majibu utapewa na nani, lini, na kwa namba ipi. Mara nyingi ni wiki moja au mbili. Zikipita, piga wewe. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya nyuzi. Na ukiambiwa paka majivu, paka dawa ya meno, paka sijui nini, usipake.