Kabla ya kulipia filta ya oili, chungulia matundu yake

Filta ya kopo, ile ya kufunga kwa kuzungusha, ina matundu madogo yaliyozunguka tundu kubwa la katikati. Chungulia humo utaona mpira. Usukume taratibu kwa kijiti safi kisicho na ncha: ubonyee kwa ulaini, kisha urudi kuziba matundu yote bila kuacha upenyo. Huo ndio unaozuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) injini ikizimwa. Ukiwa mgumu au umejipinda, filta hukauka usiku, na asubuhi injini inagonga sekunde kadhaa kabla presha haijapanda, beringi zikisagika. Mpira wa silikoni, mara nyingi wa rangi ya chungwa au nyekundu, huvumilia joto kuliko mweusi wa kawaida, lakini usinunue kwa rangi tu. Filta inayokaa mdomo juu haiutegemei sana mpira huu, na zile za karatasi tupu zisizo na kopo hukaguliwa vingine. Kipimo hiki pia hakikuonyeshi nyuzi za kufungia za tundu la katikati: filta ya M20×1.5 (upana wa milimita 20, nyuzi kila milimita 1.5) huingia kwenye skrubu ya injini ya inchi 3/4 ikiwa imelegea, na presha inaweza kuing'oa safarini. Namba ya filta ilinganishe na kitabu cha injini.