Digrii na huku unapiga kazi Mombasa: anza na ratiba yako, chuo baadaye

Watu wakiamua kurudi shule swali la kwanza huwa ni chuo gani. Mimi nasema shika karatasi kwanza uandike wiki yako yote, saa unayotoka kazini, saa unayofika nyumbani, siku za ofu, na feri kama wakaa Likoni, manake digrii ya mtu mzima hapa haivunjwi na ugumu wa masomo, yavunjwa na saa kumi na moja na nusu jioni. Hapo ndo madarasa mengi ya jioni huanza. Sasa kama wewe ni karani wa CFS (yadi ya makontena) kule Changamwe na mzigo watoka saa kumi na mbili, ama uko hoteli Nyali na shifti yageuka kila wiki, jioni si yako, hata ulipe karo namna gani. Tafuta za wikendi au za onlaini. Walimu nao wana mpango wao wa kusoma wakati shule zimefunga, Aprili, Agosti na Disemba, na huo ndo mzuri kuliko zote kwa mtu wa chaki.

Ratiba ikishakaa sawa ndo uangalie vyuo, na mjini hatuna uhaba. TUM, yaani Technical University of Mombasa, iko Tudor (wazee bado waiita Poli), Nairobi, Kenyatta, JKUAT (Jomo Kenyatta), Mount Kenya na KeMU (Kenya Methodist) wote wameweka kampasi Mombasa, na Pwani University iko Kilifi kwa watu wa Mtwapa kwenda mbele. Halafu kuna Open University of Kenya, ilipewa charter, ile hati ya kuwa chuo kamili, 2023, hiyo ni ya onlaini tangu ilipoundwa, na mtu wa ng'ambo ya feri mimi ningemwambia aanzie hapo. Lakini bango lisikudanganye, kampasi kuwa hapa haina maana kila kozi yafundishwa hapa. Nenda mwenyewe ile saa ya darasa, usiende asubuhi ofisi ya usajili wakakupa soda na broshua. Simama nje uwaulize wa mwaka wa pili, wale wa kwanza bado wana furaha yao: mhadhiri huja kweli? matokeo hutoka lini? alama zishawahi kupotea? Hiyo ya alama kupotea ni ugonjwa wa vyuo vingi Kenya, kwa hivyo karatasi zako za CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya semesta, weka, piga picha, na kila ukiingia chumba cha mtihani hakikisha umesaini ile fomu ya mahudhurio. Ukija kuulizwa miaka mitatu baadaye uwe na cha kuonyesha.

Kingine, angalia kama kozi yatambuliwa na CUE, ile tume ya vyuo vikuu. Na kwa kazi zingine CUE peke yake haitoshi: uinjinia waangaliwa na bodi ya mainjinia, uuguzi na baraza la wauguzi, sheria na Council of Legal Education. Wapigie simu wao wenyewe, usiulize chuo, manake muuza samaki hakwambii zimelala.

Kuingia kawaida ni C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ulipata chini ya hapo? Njia ni diploma kwanza kisha digrii, na si aibu, ma-supavaiza wengi wa hapa wamepita huko. Hapa watu wapoteza pesa sana: mwenye diploma nzuri, au CPA ya uhasibu, mara nyingi aweza kusamehewa yuniti kadhaa na pengine aanze mwaka wa pili, lakini hakuna atakayekukimbilia kukwambia. Peleka transkripti, omba jibu kwa maandishi, ndipo ulipe. Kama cheti cha KCSE kilipotea kwenye kuhamahama, KNEC, baraza la mitihani, wana utaratibu wao mtandaoni, chukua abstract ya polisi (karatasi ya kuripoti kilichopotea) na uanze mapema, usingoje wiki ya usajili.

Pesa. Piga hesabu ya semesta, usipige ya miaka minne, hiyo yatisha bure. Na karo si karo peke yake, kuna nauli, bando, kuprinti, kurudia karatasi ukianguka, na joho la mwisho. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo wa walioajiriwa, wauita Jielimishe. Sacco mimi naona ndo rafiki wa kweli, nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako na zingine zina mkopo maalum wa karo, ila tafuta wadhamini mapema manake Januari kila mtu ana mtoto wa shule. Vyuo vya serikali siku hizi walipa kupitia eCitizen, kwa hivyo yeyote akikwambia tuma kwa namba yake ya simu atakusajilia, muage vizuri.

Kazini, mwambie bosi ama usimwambie? Inategemea bosi. Kama ana moyo, mwambie kabla hujaanza, mpe tarehe za mitihani kwa barua. Kama ni wale wa "kwani wataka kiti changu?", nyamaza, tumia likizo zako, sheria ya ajira ya 2007 yakupa siku 21 za kazi kila mwaka, usizimalize harusini, zigawe kwa mitihani. Watu wa hoteli mna taabu yenu, mitihani mingi hupiga Agosti na Disemba na hapo ndo wageni wamejaa. Badilishana, mchukulie mwenzako Krismasi yake akupe wiki yako ya mtihani, na mkubaliane mapema mbele ya anayepanga rosta.

Na Ramadhani ulizia kabisa. Darasa la saa kumi na moja na nusu laingia moja kwa moja kwenye futari, kuna wahadhiri wasogeza saa na kuna wasiojali, beba tende na maji uwe tayari.

Kusoma kwenyewe, usiku wa Mombasa na joto lake hausomeki baada ya shifti, wengi huona bora baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, saa moja tu lakini kila siku. Jumamosi kuna maktaba ya taifa pale mjini, kimya na hulipi AC. Ukizidiwa punguza yuniti, au omba kuahirisha semesta kwa fomu. Usipotee tu, anayepotea hurudi akakuta deni na jina limefutwa.

Projekti ya mwisho chagua kitu cha kazini kwako, mizigo inavyochelewa, wageni wanavyolalamika, data unayo tayari, omba ruhusa ya maandishi basi. Wale wa kukuandikia kwa pesa waache, siku ya kuitetea hawaji kukusimamia. Na wa kukuuzia cheti kizima ndo kabisa, Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya vyeti feki zaidi ya 2,000 na walionavyo wakaanza kuandamwa warudishe mishahara.

Ukifika mwaka wa nne anza klirensi mapema, karo, maktaba, idara, kila mahali muhuri. Orodha ya mahafali ikibandikwa soma jina lako herufi kwa herufi, lifanane na kitambulisho na cheti cha KCSE, Mohamed na Mohammed kwa HR ni watu wawili, na kurekebisha kabla hakijachapwa ni barua moja tu.