Kuku wa Bustanini: Usalama Wao Huanzia Jioni

Kuku wachache wanaofugwa bustanini kwa mapenzi kuliko kwa biashara hupewa majina, huokotewa wadudu na watoto, na pengine hufuatana na mwenyeji wao hadi mlangoni mwa jiko. Hata hivyo, kuku huyo mchangamfu wa mchana huwa kiumbe mwingine kabisa giza linapoingia, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri usiku, naye hutulia juu ya ufito bila uwezo wa kukimbia wala kujitetea. Ndiyo maana mfugaji anayeanza anashauriwa kutumia fedha yake ya kwanza kwenye banda la kulala, na aina ya kuku aichague baadaye.

Kosa la kawaida ni kuutegemea waya mwembamba wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita. Waya huo huwazuia kuku wasitoke, lakini mbwa huupasua kwa meno, na kicheche au panya hupenya bila taabu. Madirisha na kuta za uzio zifungwe wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu yasiyozidi milimita 13. Wavu huo uzikwe ardhini sentimita 30, au ulazwe chini kuelekea nje kwa upana huohuo au zaidi, kwa kuwa mnyama mchimbaji huanza kufukua pale pale ukuta unapokutana na udongo na ni nadra arudi nyuma kutafuta mwanzo mwingine. Uzio wa mchana nao uwe na paa au wavu kwa juu, kwa ajili ya mwewe.

Ndani ya banda, kila kuku apate walau theluthi moja ya mita ya mraba, na kwenye uzio wa nje apate mita moja ya mraba. Nafasi ikiwa finyu zaidi ya hapo, kudonoana na kunyofoana manyoya huanza. Fito za kulalia ziwe juu kuliko viota, vinginevyo kuku watalala viotani na kuchafua mayai. Matundu ya hewa yawekwe karibu na paa, ili unyevu na harufu kali ya amonia inayotokana na kinyesi vitoke bila upepo kuwapiga kuku waliolala. Ukiinamia matandazo ya maranda na macho yakawasha, basi mapafu ya kuku yameshaanza kuumia, na maranda hayo yabadilishwe siku hiyohiyo.

Saa ya kufunga mlango ndiyo pia saa bora ya ukaguzi. Kuku huficha ugonjwa, kwa kuwa mnyonge hushambuliwa na wenzake, na mchana anaweza kujifanya anadonoa ilhali hamezi kitu. Jioni akiwa juu ya ufito, mpapase gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo: la kuku aliyeshiba huwa limejaa, na asubuhi kabla hajala linapaswa kuwa tupu. Gole lililo gumu asubuhi ni dalili ya kuziba. Tazama pia kama upanga wa kichwani umepauka, kama anapumua mdomo wazi wakati hakuna joto, na kama manyoya ya chini ya mkia yamegandamana kinyesi. Mara moja kwa wiki, rudi usiku na tochi upitishe kitambaa cheupe chini ya fito. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za mbao mchana na kunyonya damu usiku, na kitambaa kitatoka na madoa mekundu hata kama mchana hukuona mdudu hata mmoja.

Kuku anayetaga hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku na kunywa karibu robo lita ya maji, kiasi ambacho huweza kuongezeka maradufu wakati wa joto, kwani kuku hana tezi za jasho. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi nyingi inayojenga ganda la yai, lakini kalisi hiyohiyo huharibu figo za vifaranga, kwa hiyo vifaranga wapewe chakula chao peke yao. Mabaki ya jikoni yawe kidogo, na yasiwe na parachichi, maharage makavu yasiyopikwa, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani wala nafaka yenye ukungu, ambayo huweza kubeba sumukuvu. Sumu ya panya isiwekwe popote kuku wanapofika, maana kuku haishii kudonoa chambo tu. Akimkuta panya mdogo aliyekufa, humla.

Kuhusu magonjwa, mdondo (ugonjwa wa Newcastle) ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa hauna tiba na huweza kumaliza kundi lisilochanjwa kwa siku chache. Chanjo hupewa kuku wenye afya tu, hurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo, na ile ya kunywa isichanganywe na maji yenye klorini, ambayo huua virusi hai vya chanjo. Kuku mgeni, hata aliyetoka kwa rafiki unayemwamini, akae peke yake siku 30 kabla ya kuungana na wenyeji, na ahudumiwe mwisho, baada ya wengine.

Watu wa nyumbani nao wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kushika kuku au mayai, kwa sababu kuku mwenye afya njema huweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha binadamu. Watoto walio chini ya miaka 5 wasiwabusu kuku, ingawa ni wazi kwamba hili ndilo agizo gumu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Kuku akiugua, atengwe penye joto na utulivu. Ugonjwa ukiwa si wa kuambukiza, kizimba chake kiwekwe mahali anapoonana na wenzake, kwa sababu kuku aliyepotea machoni pa kundi kwa siku kadhaa hupokewa kama mgeni na kudonolewa. Akishapona, arudishwe usiku na kuwekwa taratibu juu ya ufito kati ya waliolala, na asubuhi mfugaji awahi kufungua mlango aone wanavyopokeana.