Kula nyama kituo cha mafuta Nzega, mkoani Tabora, bila kuachwa na basi

Kabla ya kushuka muulize konda dakika ngapi, kisha kariri namba za basi. Rangi haitoshi, mabasi yanafanana.

Nenda jikoni kwanza, chooni baadaye. Usiagize nyama mbichi: robo kilo ya mbuzi inaweza kula nusu saa, na konda hatakusubiri. Chagua iliyokwisha iva, irudishwe motoni dakika tatu nne, ikatwe mbele yako. Chungulia karibu na mfupa. Ikiwa nyekundu, iache. Mishkaki ndiyo salama zaidi kwa mwenye haraka, pamoja na ndizi za kuchoma. Chipsi mayai? Kama kuna watu watatu mbele yako, sahau.

Kachumbari ifungwe kando, la sivyo nyama inalowa na mfuko unavuja mapajani. Chumvi na pilipili ziwe kwenye karatasi.

Lipa kwa noti ndogo. Chenji ya elfu kumi ndiyo huchelewesha watu.

Asali ya Tabora ukiinunua, pindua chupa uone kama kizibo kinavuja. Iliyoganda si lazima iwe imechakachuliwa. Asali halisi nayo huganda.