Uzito wa zege kwa trekta ndogo: jiwe ni rahisi, kazi iko kwenye chuma

Trekta ndogo yenye ndoo ya mbele huonyesha udhaifu wake pale ndoo inapojaa samadi mbichi na dereva akaanza kuinyanyua. Matairi ya mbele yanabonyea, usukani unakuwa mzito, na magurudumu ya nyuma yanabaki yakigusa ardhi kwa juu juu tu. Trekta nyingi za aina hii zina breki nyuma peke yake, kwa hiyo gurudumu la nyuma likiwa jepesi, dereva amepoteza nguvu ya kuvuta na breki kwa pamoja. Kwenye mteremko hilo linatosha kuipindua trekta.

Dawa yake ni uzito wa nyongeza unaoning'inizwa nyuma, kwenye mikono mitatu inayoshika jembe: miwili ya chini inayoinuliwa na haidroliki, na mmoja wa juu. Vyuma vya kiwandani vipo na ni vizuri, ila ni ghali. Zege linafanya kazi hiyo hiyo, na mkulima mwenye koleo, mbao chache na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kujitengenezea.

Kabla ya kuchanganya simenti, piga hesabu. Trekta hufanya kazi kama mzega (mti wa begani wenye mizigo ncha mbili): mzigo wa mbele huinua nyuma, wa nyuma huinua mbele, na umbali kutoka kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) unahesabika sawa na kilo zenyewe. Chukua trekta ambayo umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.6. Ndoo ikibeba kilo 300 mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma inapunguziwa kilo 281 hivi (300 mara 1.5, gawa kwa 1.6), na ya mbele inaongezewa kilo 581. Sasa ning'iniza jiwe la zege la kilo 260 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma inaongezewa takriban kilo 422, na ya mbele inapunguziwa 162. Jiwe limekandamiza nyuma kwa zaidi ya uzito wake halisi, na papo hapo limeipumzisha ekseli ya mbele. Ndiyo maana kwa kazi ya ndoo ya mbele napendelea jiwe la nyuma kuliko maji ndani ya matairi: maji hukandamiza magurudumu ya nyuma tu, mbele hayapunguzi kitu.

Hesabu hiyo hiyo inageuka dhidi yako ndoo ikimwagwa au ikivuliwa. Mbele inakuwa nyepesi na usukani haushiki. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ekseli ya mbele isibebe chini ya asilimia 20 ya uzito wote wa trekta. Soma pia kitabu cha trekta yako uone kikomo cha kila ekseli, cha matairi na cha haidroliki. Kikomo kikiwa kilo 250, usitengeneze jiwe la 260 kwa kuwa kalibu (umbo la kumwagia zege) imetokea hivyo.

Kama shida yako ni magurudumu kuzunguka bure wakati wa kulima, pima kwanza. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, lima mpaka gurudumu lizunguke mara 10, weka vigingi mwanzo na mwisho. Rudia umbali huo huo jembe likiwa juu na uhesabu tena. Ukipata mizunguko 8 na nusu, gurudumu linateleza kwa asilimia 15. Kati ya 8 na 15 ni hali nzuri shambani. Ikizidi hapo, ongeza uzito. Ikiwa chini ya 8, uzito uliopo umezidi: unachoma mafuta bure na kushindilia udongo ambao mizizi inatakiwa ipenye.

Ukubwa wa jiwe

Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, yaani kilo 2.4 kwa kila lita. Jiwe lenye upana wa sentimita 60, kina (mbele hadi nyuma) 40 na kimo 45 lina ujazo wa lita 108, hivyo linakaribia kilo 260 kabla ya kuhesabu vyuma. Upana wa 60 unaacha nafasi kwa mikono miwili ya chini kushika pini pembeni kwenye trekta nyingi ndogo, lakini pima ya kwako. Pini za chini mara nyingi ni milimita 22 na ya juu 19. Trekta ndogo kabisa hutumia 16. Kina kisizidi sana, kwa sababu jiwe likisogea nyuma haidroliki inachoka zaidi.

Ukitaka uzito zaidi kwa ukubwa ule ule, tumbukiza vyuma chakavu. Kilo 100 za chuma zinachukua nafasi ya lita 13, ambayo ingebeba kilo 31 tu za zege, kwa hiyo unapata faida ya karibu kilo 70. Visafishe grisi, viweke chini na katikati. Aluminiamu isiingie kabisa: inapokutana na zege bichi hutoa gesi ya hidrojeni, na jiwe linajaa matundu.

Chuma kinachobeba

Hapa ndipo ninapoomba usibane matumizi. Zege huvumilia kugandamizwa, lakini kuvutwa na kutikiswa halivumilii. Trekta ikipita kwenye mashimo, jiwe linaruka na kudunda mikononi. Ukichimbia pini za pembeni kwenye zege peke yake, nyufa zitaanza hapo hapo, na siku moja pini itachomoka na kipande cha zege.

Tengeneza fremu moja ya chuma inayopita ndani ya jiwe zima. Chuma kimoja kizito kipite chini kutoka upande hadi upande, ncha zake zikiwa pini za mikono ya chini. Kutoka hapo vichomelewe vyuma viwili vya kusimama vinavyotokea juu ya jiwe na kushika pini ya mkono wa juu. Kwenye trekta nyingi ndogo tundu la juu hukaa kama sentimita 46 juu ya usawa wa pini za chini. Kwa hiyo nguvu yote inapita kwenye chuma, na zege linabaki mzigo tu. Izungushie fremu kikapu cha nondo za milimita 10, kikiwa ndani ya zege angalau sentimita 4 kutoka kila uso ili kutu isifike. Chomelea pia miguu mifupi ya bomba chini, jiwe lisimame lenyewe bila kuyumba wakati wa kufunga na kufungua. Sikio la kunyanyulia liwe la chuma laini cha mviringo. Nondo iliyokunjwa isitumike kwa kazi hiyo, maana inaweza kukatika ghafla kwenye kunjo.

Kumwaga

Kalibu ya mbao au plaiwudi nene ifungwe vizuri nje, kwani zege bichi linasukuma kwa nguvu. Paka mafuta ndani kabla ya kuweka vyuma, yasigandie kwenye nondo. Pigilia vipande vya mbao za pembetatu kwenye kona. Kona zilizokatwa hazimeguki kirahisi.

Changanya ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga na 3 za kokoto. Mfuko wa kilo 50 kwa mchanganyiko huo hutoa kama lita 140 za zege, kwa hiyo jiwe letu linakula robo tatu ya mfuko. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko mzima, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Maji mengi hurahisisha kumwaga, lakini huacha zege dhaifu. Mwaga kwa tabaka, shindilia kila tabaka kwa fimbo ya chuma, gonga kalibu kwa nyundo mpaka mapovu yaishe. Vaa glavu na buti. Simenti mbichi huunguza ngozi polepole, bila kukuonya.

Funika kwa magunia yaliyolowa na uyaweke na unyevu kwa siku 7. Zege hukomaa kwa maji, likikauka mapema linapasuka. Usilitundike kwenye trekta kabla ya siku 28.

Kwa uzito wa mbele, unaohitajika ukiwa na jembe zito nyuma, usifanye jiwe moja. Fanya vipande vya kilo 20 hivi, ambavyo ni lita 8 na kidogo kila kimoja, uvifunge pamoja kwa boliti ndefu inayopita katikati. Mtu mmoja ataweza kuvitoa kazi ikibadilika.

Wakati wa kufunga jiwe, asiwepo mtu kati ya jiwe na trekta inaporudi nyuma; ikishafika, zima injini na uvute breki ya mkono kabla ya kulifunga. Njiani libebe chini, likiwa limeinuka kiasi cha kutogusa ardhi, na mikono ya chini ifungwe kwa minyororo lisiyumbe pembeni. Andika kilo zake kwa rangi ubavuni, ili kila anayepanda trekta ajue anabeba nini. Baada ya saa chache za kwanza za kazi kagua pini, vifungio na sehemu chuma kinapotokea kwenye zege. Ufa mwembamba juu juu si tatizo. Ufa unaoanzia kwenye chuma na kuendelea kurefuka ni sababu ya kulishusha jiwe hilo na kutolitumia tena.