SOMO: Amplifaya ya gari imekufa? Pitia hapa kabla hujaiuza kwa kilo

Wakuu salaam. Wengi mnaniuliza kuhusu amplifaya za gari zinazokata fyuzi, au zinawasha taa nyekundu ya protekti (ya kujilinda) halafu mziki hakuna, nimeona niandike mara moja tu kuliko kujibu kila mtu inboksi. Nyingi zinazofika mezani hapa Mwanjelwa, Mbeya, hazijafa kiivyo, ni mosfeti (transista za kuwasha na kuzima umeme kwa kasi) za upande wa pawa zimeshoti, na kilichoziua mara nyingi bado kipo humohumo ndani. Ukibadilisha mosfeti bila kumsaka muuaji umenunua spea za kuchoma.

HATUA YA 1, usifungue kitu bado. Chomoa spika zote na waya za RCA (zinazoleta sauti toka redioni), bakiza posi, ethi na rimoti (waya mwembamba wa redio unaoamuru amplifaya iwake). Pima kwenye skrubu za amplifaya yenyewe, sio kwenye betri. Injini ikiwa inaunguruma utegemee kama volti 13.8 mpaka 14.4 hivi, na rimoti ipate 12 redio ikiwashwa. Ethi ndio inasumbua zaidi, mtu kafunga kwenye boliti juu ya rangi, ongeza vumbi la huku na unyevu wa Tukuyu hapo ndani ya mwaka ni kutu tupu. Kwangua mpaka chuma king'ae. Kama protekti imezima baada ya kutoa spika, hongera, amplifaya ni nzima, kamata spika iliyoungua koili au waya uliochubuka unaogusa bodi ya gari.

HATUA YA 2, sasa fungua. Chomoa umeme na usikimbilie kushika, zile kapasita kubwa zinatunza chaji na kati ya reli ya posi na ya nega unaweza kukuta volti 60. Zimalize kwa resista ya ohm 100 yenye wati kubwa, achana na mambo ya kugusisha bisibisi. Halafu tumia macho na pua. Kapasita iliyovimba kichwa, resista iliyogeuka mkaa, miguu yenye ukungu wa kijani (hapo maji yameingia, brashi na spiriti). Gari la barabara mbovu angalia risasi kwenye miguu ya transfoma na soketi za RCA, utaona kaduara kembamba keusi kuzunguka mguu, huo ni mpasuko, chomelea upya.

HATUA YA 3, mosfeti, hapa tulia. Zile zilizopangwa karibu na transfoma ya duara, mara nyingi ni IRFZ44N au IRF3205. Ukitazama maandishi, mguu wa kushoto ni geti, wa kati dreni, wa kulia sosi. Shida ni kwamba zimeungwa sambamba, kwa hiyo moja ikishoti, ukipima dreni na sosi kwa mita ikiwa kwenye mlio, zote za upande huo zitapiga mlio na utadhani zimekufa zote. Pima geti na sosi badala yake. Kila geti kwa kawaida ina resista yake ndogo, hivyo iliyokufa itasoma tofauti na wenzake. Ukishaijua, toa zote za upande huo ubadilishe pamoja, aina moja, na zile resista za geti uzipime moja moja maana zikiungua mosfeti mpya haipati amri inavyotakiwa.

Kabla hujafunga mpya, nenda upande wa pili wa transfoma. Pima dayodi za kurektifai (zinazogeuza umeme wa transfoma kuwa DC), kisha transista za kutolea sauti (2SC5200 na 2SA1943, au TIP35 na TIP36). Ikiwepo hata moja yenye shoti huyo ndio muuaji wetu. Ukishaitoa, pima na vile viresista vyeupe vya ohm 0.1 au 0.22 vilivyo jirani.

HATUA YA 4, kuwasha. Usiwashe moja kwa moja na betri jamani!! Chukua balbu ya indiketa ya 12V 21W, toa fyuzi zote za amplifaya, balbu ikae pale fyuzi ilipokuwa. Balbu hiyo hairuhusu hata ampia 2 kupita, kwa hiyo kama kuna shoti itawaka kali na spea zako zinabaki salama. Ikimulika kidogo halafu ikafifia, uko vizuri. Hakikisha mosfeti zimebanwa kwenye hiti sinki na maika (karatasi ya kuzuia umeme) na grisi nyeupe, na mita isipige mlio kati ya kibati cha transista na hiti sinki. Kama balbu imefifia ila hakuna kitu, pima ile IC TL494 inayoziamuru mosfeti, mguu wa 12 uwe na volti za betri na wa 14 uwe na 5. Mguu wa 14 ukikosa 5 wakati mguu wa 12 una umeme wake, mara nyingi IC ni ya kutupa.

MASWALI YA WADAU

Makambako: Fundi, fyuzi ya 30 inakata, nikaweka waya wa shaba ikapiga siku mbili ikatoa moshi. Inafaa kutengeneza?
— Kaka fyuzi ilikuwa inakwambia kitu ukaiziba mdomo. Inafaa kama mistari ya bodi haijaungua. Anza hatua ya 3.

Tunduma: Shikamoo mzee. Mimi niko kwenye lori la 24V, nachukua 12 kwenye betri moja, kuna ubaya?
— Marahaba. Upo. Betri moja inanyonywa, nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema. Nunua konveta ya 24 kwenda 12 inayobeba ampia za mziki wako. Na usiipe 24 moja kwa moja, kapasita za mlangoni nyingi ni za volti 16, zitapasuka.

Iringa: Nimekosa Z44, naweza kuweka 3205?
— Kwa ampia 3205 ni kubwa zaidi, ila geti yake ni nzito, ile saketi ndogo ya kuisukuma inaweza kuzidiwa zikachemka. Tafuta Z44 kwanza. Na zile za bei ya kutupa ziogope, feki ni nyingi.

Mafinga: Mimi dada wa bajaji, besi ikipiga tu inazima halafu inarudi.
— Dada, sabufa ngapi na ohm ngapi?

Mafinga: Mbili, za 4, zimeungwa posi kwa posi na nega kwa nega, kwenye briji (chaneli mbili zimefanywa moja).
— Basi hapo ni ohm 2, na amplifaya nyingi za chaneli mbili kwenye briji zinataka 4 kwenda juu. Toa sabufa moja ujaribu. Ikiendelea kuzima, ongeza unene wa waya wa posi na wa ethi.