Kuifufua Camaro ya 1969 kwa Injini na Breki za Kisasa

Kosa linaloua miradi mingi ya kufufua Camaro, gari la Chevrolet, ni kununua injini kwanza. Injini inaletwa na kuwekwa kwenye kona ya karakana, bodi inafunguliwa, kutu inaonekana, fedha imekwisha, na gari linabaki vipande kwa miaka. Mpangilio wetu ni huu: bodi, breki, miguu (springi na mikono inayoshika magurudumu), difu na giaboksi, kisha injini. Kila kitu kifungwe mara moja gari likiwa bati tupu. Baada ya hapo ndipo linafunguliwa tena na kupakwa rangi. Ukichomelea kishikio cha giaboksi juu ya rangi mpya, umelipia rangi mara mbili.

Soma namba kabla ya kukata

Kwa gari la 1969 namba ya chasi iko juu ya dashibodi upande wa kushoto, unaiona kupitia kioo cha mbele. Kupe yenye V8 huanza na 124379: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8 (23 ni ya silinda sita), 37 ni kupe (67 ni ya paa la kukunja), na 9 ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda: N kwa Norwood, Ohio, na L kwa Los Angeles, yaani Van Nuys. Namba hiyo haisemi kama gari ni SS au Z/28 (matoleo yenye nguvu zaidi), na nembo ya kwenye grili hununuliwa dukani na mtu yeyote. Ukithibitisha kwa hati na kwa mihuri ya injini kwamba unayo Z/28 halisi yenye injini yake ya inchi za ujazo 302, iache kama ilivyotoka kiwandani. Kazi hii inalifaa gari la kawaida, lililozaliwa na silinda sita au V8 ndogo, ambalo injini yake ya asili ilishapotea. Kibati cha namba usikiondoe wala kukihamisha; nchini Marekani hilo ni kosa la jinai.

Kutu hujificha wapi

Mwaga ndoo ya maji polepole kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha ulale chini ya dashibodi na tochi. Maji yakidondokea sehemu ya miguu, kisanduku cha hewa kimeoza ndani, na kukitengeneza ni kazi ya kutoboa mamia ya pointi zilizochomelewa kiwandani. Fanya hivyo hivyo kwenye kioo cha nyuma: mfereji wake ukioza, maji huteremka hadi sakafu ya buti. Halafu gonga sakafu ya miguu, chini ya betri, na ncha za chini za mabati ya nyuma. Mahali pazito kwa puti pana sauti butu, na sumaku haishiki.

Mabati mapya ya gari hili yanapatikana karibu yote, kwa hiyo usiunge viraka juu ya viraka. Tumia waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 na gesi ya argoni asilimia 75 kwa kaboni dayoksaidi 25. Piga pointi zilizoachana sentimita 3, ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine, na uache bati lipoe kabla ya kurudi. Anayevuta mstari mmoja mrefu hupata bati lililojikunja, na puti yote atakayoipaka haitaficha mawimbi hayo kwenye jua.

Nusu ya nyuma ya Camaro ni bodi inayojibeba yenyewe. Mbele kuna fremu iliyofungwa kwa bolti kupitia mipira. Ukiitoa fremu hiyo, ni lazima irudi mahali pake kamili. Kwenye fremu na kwenye bodi kuna matundu ya kuelekezea: pitisha vyuma vya duara vya inchi 5/8 pande zote mbili, kaza, kisha pima msalaba kutoka kona hadi kona. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 itakufuata hadi kwenye mlango usiofunga na gari linalovuta upande mmoja.

Breki

Camaro nyingi zilitoka na breki za dramu pande zote nne, zenye kipenyo cha inchi 9.5. Zikipata joto mara mbili mfululizo pedali hubaki ngumu lakini gari halisimami. Seti ya diski za inchi 11 mbele inaingia ndani ya rimu za inchi 15. Diski za inchi 13 zinataka rimu za 17. Amua rimu kwanza, diski baadaye.

Watu wengi hukosea kwenye pedali. Mkono wa pedali una matundu mawili. La juu, lililo karibu na egemeo, ni la breki zisizo na boosta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwa mvuto wa hewa wa injini) na linatoa nguvu mara 6 hivi. La chini ni la boosta, karibu mara 4. Ukifunga boosta na kuacha fimbo kwenye tundu la juu, fimbo inasukuma kwa pembe mbaya na breki inashika ghafla. Ukiondoa boosta na kuacha fimbo kwenye tundu la chini, utakanyaga kwa miguu miwili.

Masta silinda ya gari la dramu huweza kuwa na valvu ndogo ndani ya mdomo wake, inayobakiza shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 10 hivi kwenye mabomba. Dramu zinaihitaji. Diski haziitaki: pedi zitabaki zinagusa diski, zitapata moto, na gari litakuwa zito hata kulisukuma kwa mkono. Ukibadilisha breki za nyuma kuwa diski, hakikisha valvu hiyo haipo. Masta ikiwa juu ukutani kama kwenye Camaro, hata ile valvu ya psi 2 inayouzwa kwa ajili ya diski haina kazi.

Toa upepo kwenye masta ikiwa mezani kabla ya kuifunga. Kisha endelea kwenye magurudumu: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Boosta inataka mvuto wa hewa (vakyumu) wa inchi 18 hivi za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Kamshafti kali hushusha mvuto huo hadi 10 au 12, na pedali inakuwa jiwe. Anayependa ule mngurumo wa kamshafti kali aweke pampu ya umeme ya mvuto au boosta inayoendeshwa na pampu ya usukani.

Miguu na usukani

Kuwa mwangalifu na springi ya mbele: ina nguvu ya kuua. Weka jeki chini ya mkono wa chini, funga springi kwa mnyororo, teremsha polepole.

Bushi za mpira usizikaze gari likiwa juu ya stendi. Zifunge kwa mkono, teremsha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza miguu ikining'inia, mpira unakaa umesokotwa muda wote na utachanika mapema. Vipimo vya kiwandani viliandikwa kwa matairi ya zamani yenye nyuzi za mshazari. Kwa matairi ya radial, kasta (mlalo wa egemeo la usukani kuelekea nyuma) ipande hadi nyuzi 4 au 5 ukitumia mikono ya juu ya kisasa, kamba (mlalo wa gurudumu kwa juu) iwe hasi nyuzi 0.5, na matairi ya mbele yaelekee ndani milimita 1.5 hadi 3. Kasta hiyo ndiyo inayofanya gari lishike mstari barabara kuu bila dereva kupigana na usukani.

Difu na giaboksi

Difu ya bolti 10 ya inchi 8.2 haitaivumilia injini ya nguvu za farasi 400 yenye matairi yanayoshika. Tafuta ile ya bolti 12, au difu mpya ya kiwango hicho.

Giaboksi ya otomatiki ya 4L60E ina gia ya kwanza 3.06 na ya nne 0.70, na hiyo ya nne ndiyo inayolifanya gari hili litembelewe kila siku. Kwa difu ya uwiano wa 3.73 na tairi lenye kimo cha inchi 26, mwendo wa kilomita 110 kwa saa unahitaji karibu mizunguko 3,300 kwa dakika gia ikiwa moja kwa moja (1.00). Kwa 0.70 ni karibu 2,300. Masikio na tanki vyote vitashukuru. Anayetaka klachi achague Tremec TKX, iliyotengenezwa iingie kwenye handaki la sakafu za zamani. T56 Magnum ni nzuri sana lakini handaki litakatwa.

Propela shafti ipimwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake: sukuma yoki (ncha yake inayoingia kwenye giaboksi) ndani hadi mwisho, irudishe sentimita 2 hadi 2.5, ndipo upime. Pembe za jointi mbili zilingane, kila moja kati ya nyuzi 1 na 3. Kwa kuwa nyuma kuna springi za mabamba, pua ya difu iinamishwe nyuzi 1 au 2 zaidi, maana ukikanyaga mafuta huinuka.

Injini

Injini ya familia ya LS, yaani V8 za kisasa za General Motors, ndiyo chaguo la busara. LS3 ya lita 6.2 hutoa nguvu za farasi 430 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Kwa mfuko mdogo kuna LM7 ya lita 5.3 kutoka pikapu za Chevrolet Silverado za 1999 hadi 2007. Bloku yake ni ya chuma, hivyo ni nzito kuliko LS ya alumini, lakini ni ngumu na hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya magari yaliyovunjwa. Chagua springi za mbele kwa uzito wa injini utakayoifunga, la sivyo pua ya gari itakaa juu au chini mno.

Vishikio vya injini vya LS vina bolti nne kila upande, wakati injini ya zamani ina tatu. Bamba la kuunganishia hutatua hilo. Sampo ya pikapu ni ndefu mno: itagonga boriti ya kukingama ya fremu au fimbo za usukani. Nunua sampo ya alumini iliyotengenezwa kwa kazi hii. Ukiwa umeifungua, badilisha mpira wa duara wa bomba linalofyonza oili. Ukibanwa au ukichanika, pampu inafyonza hewa, geji inaonyesha shinikizo dogo, na beringi zinakwenda. Mpira huu wa bei ndogo umeua LS nyingi.

Kama unabakiza giaboksi ya zamani, fahamu kwamba mwisho wa krankshafti ya LS uko ndani zaidi kwa inchi 0.400, takriban milimita 10. Bila kipande cha kujazia na bamba lake, toki konveta haikai katikati na pampu ya giaboksi huvunjika. Baada ya kufunga, nafasi kati ya konveta na bamba iwe milimita 3 hadi 5 kabla hujaivuta kwa bolti.

*Mafuta.* Kabureta ilitosheka na psi 5 hadi 7. LS inataka 58. Pampu ikae ndani ya tanki lenye kisima cha kuzuia mafuta kukimbia kwenye kona; pampu ya nje hupiga kelele na hupata joto. Mipira iwe ya daraja la 30R9, maana ile ya kabureta itapasuka. Bomba la kupeleka liwe inchi 3/8.

*Maji.* Pampu ya LS ina midomo yote miwili upande wa abiria, hivyo chagua rejeta yenye midomo upande huo. Kabomba ka mvuke kanakotoka kwenye silinda hedi kapelekwe sehemu ya juu kabisa ya rejeta. Anayekaziba anafungia mvuke ndani ya hedi, na gasketi ndiyo inayolipa. Feni za umeme bila kava la kuelekeza hewa hupuliza hewa ile ile, na gari litachemka kwenye foleni.

*Umeme.* Angalia sensa ya krankshafti: nyeusi ni ya meno 24, ya kijivu ni ya meno 58. Kontrol boksi na waya zake lazima zilingane nayo, la sivyo injini itazunguka bila kuwaka. Na kwa kuwa fremu ya mbele imekaa juu ya mipira, haijaungana na bodi kwa umeme. Funga nyaya nene za ardhi tatu: betri hadi bloku, bloku hadi fremu, bloku hadi bodi, kila moja kwenye bati lililosuguliwa hadi ling'ae. Asilimia kubwa ya matatizo ya sensa zinazodanganya huishia hapa. Kwenye altaneta za miaka hiyo, waya wa pini ya L upitie taa au rezista. Ukiupa volti 12 moja kwa moja unaunguza regyuleta.

*Ekzosi.* Sensa ya oksijeni ikae juu ya usawa wa bomba, pale penye namba 10 au 2 ukilitazama kama uso wa saa, ili maji yasituame ndani yake. Tundu dogo la kuvuja mbele ya sensa huingiza hewa. Kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza, na plagi zinakuwa nyeusi. Kuhusu ukaguzi wa moshi, California imeyasamehe magari ya petroli ya 1975 kurudi nyuma, kwa hiyo Camaro yako haiguswi.

Kuwasha mara ya kwanza

Toa plagi zote, kata umeme wa pampu ya mafuta, zungusha kwa stata sekunde 10 kwa vipindi hadi geji ya oili ipande. LS ina tapeti za rola, hivyo haihitaji kuzoweshwa. Aliyebaki na V8 ya zamani ya inchi za ujazo 350 yenye tapeti bapa atumie oili yenye zinki na, mara tu injini ikiwaka, aishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 bila kuiacha sailensa. Asipofanya hivyo, kamshafti mpya hulika siku hiyo hiyo.

Zima, acha ipoe, ongeza maji kwa sababu yatakuwa yameshuka, na tazama kila kiungo cha mafuta kwa tochi. Baada ya kilomita 100 kaza upya bolti za hedazi (mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye silinda hedi), nati za magurudumu, bolti zenye umbo la U za springi za nyuma, na zile za fremu ya mbele. Rudia baada ya kilomita 800, ukibadilisha oili na kukata filta uone kama kuna chembe za chuma ndani ya mikunjo yake.